Harufu haikuwa ya viatu vya Kariuki

Nimemkosea jirani yangu Kariuki, na leo amejua.

Mwezi jana chama yetu ya hapa Gakindu ilienda Mombasa. Mwenye boti akatuambia, "Wazee, hizi konokono za bahari muache kwa matumbawe. Ziko hai, na zikiisha hata samaki watahama."

Mimi nikaficha moja kubwa kwa soksi. Ilikuwa inatembea.

Tukirudi, basi ikaanza kunuka. Watu wakasema ati ni viatu za Kariuki. Hata mimi nikasema. Tulipofika Voi akazitupa kwa pipa, akafika nyumbani na soksi.

Leo amekuja kwangu chai. Akaona ganda juu ya TV. Akainusa.

Akaangalia miguu yake.

"Baba Wanjiru, ni hii?"

"Ni hiyo."

Nikangoja matusi.

"Viatu ni viatu," akasema. "Lakini ulitoa kitu hai baharini ikuje kuoza Gakindu?"

Nyinyi mngesema nini?

Jumamosi kikundi ya pili inaenda Mombasa. Kabla basi itoke, nitasimama mlangoni na hiyo ganda, niwaambie ilikuwa hai, na miguu ya Kariuki haikuwa na makosa.