Nimekuwakilisha Uninunulie

Siku hizi mtu akikohoa nyuma yangu nageuka haraka kupita kiasi. Wenzangu kazini wananicheka, wanadhani naogopa kuambukizwa mafua. Nawaacha wadhani hivyo, maana habari yenyewe ni ndefu na mimi sipendi kueleza jambo mara mbili.

Nafanya kazi Riyadh, katika duka la mtandaoni lisilo na mlango wala rafu ambazo mteja anaweza kuziona. Sisi ndio tunaopokea simu. Zamani kazi yetu ilikuwa kuelekeza tu: bonyeza hapa, teremka chini, bonyeza tena. Wateja wazee walikasirika waziwazi, na mimi, ambaye sikuzaliwa na subira, nikakasirika kimoyomoyo. Halafu wakubwa wakabadilisha mfumo. Tukapewa uwezo wa kuingia wenyewe katika akaunti ya mteja, kumjazia kikapu chake na kumwagizia, yeye akiwa amekaa tu na simu sikioni. Masharti yalikuwa mawili: mteja atamke kwa sauti yake mwenyewe kwamba amekubali, na asome namba iliyotumwa kwenye simu yake. Mazungumzo yote yanarekodiwa.

Ukishaingia, mstari mwekundu hutokea juu ya kioo kukukumbusha kwamba uko ndani ya akaunti ya mtu. Mstari ule ulinisumbua tangu siku ya kwanza. Nilijiona kama nimevaa kanga ya mtu bila kumwomba.

Mimi ni mzaliwa wa Jeddah, mtaa wa Karantina, katika nyumba ya Wazanzibari waliokimbilia huku baada ya Mapinduzi. Nina Kiarabu cha mtaani na Kiswahili cha bibi zangu, kwa hiyo simu yoyote ya Kiswahili hutupiwa mimi. Ndivyo nilivyompata Bibi.

Alikuwa Mzanzibari mkongwe aliyeishi Al-Hamra, Jeddah, katika nyumba aliyojengewa na mwanawe wa pekee. Mwana huyo alihamia Riyadh kwa biashara zake. Akamfungulia mama yake akaunti kwetu kwa jina lake mwenyewe na kadi yake, ila kwa namba ya simu ya mama, akamwekea msaidizi wa nyumbani kutoka Kenya, akaona amemaliza. Bibi hakutaka kusikia habari za kubonyeza. Kila wiki alipiga simu, akasema anachotaka, na tukagombana.

“Nazi ya kopo sitaki. Maji ya kuoshea sufuria hayo.”

“Bibi, ile ya unga imekwisha.”

“Imekwisha, au wewe umechoka kuitafuta?”

Niliitafuta, nikaipata, na sikumwambia kwamba nimeipata. Niliiweka tu kikapuni. Wiki iliyofuata alisema nazi ilikuwa nzuri, ila iliki ilikuwa kuukuu.

Alipofahamu kwamba mimi ndiye ninayenunua kwa niaba yake, alikataa kusema “ndiyo, nakubali” kama wateja wengine. Kwake yeye, kumnunulia mtu kuna adabu yake, sawa na kumwozea mtu binti yake. “Nimekuwakilisha uninunulie,” alikuwa akisema, na mimi nilitakiwa nijibu, “Nimepokea uwakala.” Nisipojibu, hasomi namba. Mara ya kwanza nilicheka, akanikatia simu. Alipopiga tena nilijibu kwa heshima zote.

Alikuwa na kikohozi kikavu cha vipande viwili, kama mtu anayebisha hodi. Alikohoa katikati ya maneno, akaendelea bila kuomba radhi. Siku moja nilimwambia amwone daktari, akanieleza jambo ambalo nadhani hakuwa na mwingine wa kumweleza.

“Mwanangu ameapa, siku nikishindwa kujisimamia ananihamishia kwake Riyadh. Kwenye maghorofa huko. Mimi hapa nikifungua dirisha nasikia bahari. N'talala kitanda changu mpaka nibebwe. Unansikia wewe?”

“Nakusikia, Bibi.”

Basi miezi ikaenda, na ukaja wakati Bibi akaacha kugombana. Nilimwambia nazi ya unga imekwisha, akasema niweke yoyote. Sauti ilikuwa ileile, na uwakala aliutoa vilevile. Hata kikohozi kilikuwa hakisikiki tena. Nilifurahi kwamba kifua kimepona, na kwa siri nilisikitika kidogo, maana ule ugomvi ndio uliokuwa ukinichangamsha wiki nzima.

Alasiri moja alikuwa akinitajia vitu: mchele, tambi, ubani. Katikati ya neno mchele nikasikia kikohozi. Vipande viwili, vikavu. Lakini sauti iliyokuwa ikinitajia vitu haikukatika hata kidogo. Kikohozi kilitoka nyuma yake, mbali kidogo na simu, na sauti ya Bibi ikaendelea na tambi kama kawaida.

Mtu hawezi kukohoa mbali na kinywa chake.

“Nimekuwakilisha uninunulie,” sauti ikasema.

Mstari mwekundu ulikuwa juu ya kioo, kikapu kimejaa. Nilijua simu inarekodiwa na nilijua ninachotakiwa kufanya: nisimamishe agizo, nimwite msimamizi, naye ampigie mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni yule mwana.

“Nimepokea uwakala,” nikasema. Nikasomewa namba, nikaagiza.

Wakati wa mapumziko nilitoka hadi kwenye ngazi nikapiga ile namba kwa simu yangu mwenyewe. Aliyepokea hakuwa na sauti ya Bibi. Alikuwa mwanamke wa makamo yangu, Kiswahili cha Kenya bara.

“Ni yule dada wa duka? Ghai, dada. Nilijua umesikia. Tafadhali usiripoti.”

“Bibi yuko wapi?”

“Yuko hapa, anakuangalia, I mean, anaangalia simu. Aliamka siku moja mdomo umepinda, maneno hakuna. Mafi kabisa. Daktari wa kliniki hapo barabarani alikuja, akatoa dawa, akasema ni uzee. Nikashika simu nimpigie bosi, Bibi akanishika mkono hivi, akatikisa kichwa, machozi yanatoka. Sasa ningefanya nini? Bosi akijua ni halas, anapelekwa Riyadh. Na mimi narudishwa ofisi iliyonileta nipewe watu wengine, ikama yangu, kibali cha kukaa, iko kwake. Nimekaa na huyu mzee mpaka sauti yake nimeishika; hata nikimuota, naongea mimi nikiwa yeye.”

“Na bosi akipiga simu?”

“Hupiga kila Ijumaa,” akasema. “Huongea na mimi.”

Sikuripoti. Nitasema wazi kwamba niliogopa, na hofu yangu haikuwa ya kufukuzwa kazi tu. Wiki baada ya wiki niliipokea ile sauti, nikaijibu, huku nikisikiliza nyuma yake kama kikohozi bado kipo. Kikisikika, nilipumua. Ikipita simu nzima bila kikohozi, sikulala vizuri.

Likizo ilipofika nilikwenda Jeddah kumwona mama yangu. Nilikuwa nimenunua ubani mzuri sokoni Al-Dirah, Riyadh, kwa muuzaji anayejua kuchagua, na Ijumaa mchana nikaupeleka Al-Hamra. Msaidizi alinifungulia mlango. Alikuwa mfupi, msalaba mdogo ameuficha ndani ya dera, uso wa mtu asiyelala.

Bibi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Nilikuwa nimemjenga akilini mwangu mwanamke mkubwa, mwenye mabega. Alikuwa mdogo sana. Macho yake yalinikagua kuanzia viatu hadi kichwani, akakohoa mara mbili, nikabusu mkono wake na kulia palepale bila kupenda.

Simu ikalia. Msaidizi akaniangalia, akaketi sakafuni karibu na kiti, akainua mkono wa Bibi na kuuweka begani mwake. Kisha akapokea, na ile sauti ikatoka kinywani mwake. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi sikioni, lakini kuiona ikitoka kwa mtu mwingine, mwenyewe akiwa amekaa kitini kando yake, midomo ikichezacheza bila kutoa kitu, kulinifanya nishike ukuta.

“Mama, umekula?” mwana aliuliza. Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika.

Kidole cha Bibi kikagonga bega mara moja.

“Nimekula, mwanangu.”

“Nije nikuchukue wiki ijayo? Hata kwa siku chache tu.”

Kidole kikagonga mara mbili, kwa nguvu.

“Sitoki hapa. Ushanchosha na hayo.”

Yule mwana akacheka, akamwombea mama yake afya, akaaga. Bibi akaondoa mkono begani na kumpiga msaidizi kikofi kidogo kisogoni. Alikuwa hajaridhika na jibu moja. Msaidizi akaniambia kwa sauti yake mwenyewe, “Ananiambia nilikuwa mpole sana. Yeye angemgombeza zaidi.”

Nikaelewa hapo kwamba Bibi alikuwa na wakala wa ulimi wake, na kwamba tangu mwanzo uwakala niliokuwa nikiupokea ulikuwa wake kweli. Jambo hilo lilinituliza mchana ule. Usiku halikunituliza.

Bibi alifariki kabla mwaka haujaisha, asubuhi, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi. Msaidizi alimpigia bosi wake kwa sauti yake mwenyewe. Bosi akamlipa, akampa karatasi za kutoka nchini na tiketi, akamwambia amemtunza mama yake vizuri. Kutoka uwanja wa ndege alinitumia ujumbe kwamba sauti ile haitoki tena hata akijaribu.

Nilidhani yamekwisha. Halafu simu ikaingia, akaunti ileile. Mwanamume alianza kwa Kiarabu, aliposikia lafudhi yangu akahamia Kiswahili.

“Dada, mama yangu alikuwa akiagiza kwenu kwa simu. Akaunti ni yangu. Nimetafuta kila mahali, sina sauti yake. Picha ninazo. Sauti sina. Nyinyi mnarekodi, sivyo?”

Nilimwomba asubiri. Msimamizi akasema akaunti ni yake, ana haki, mpe. Nikatafuta simu za mwanzo, zile za nazi ya kopo na iliki kuukuu, zile zake hasa. Hazikuwepo. Mashine hufuta za zamani ili zipatikane nafasi za mpya. Zilizobaki zote zilikuwa za msaidizi.

Nilikaa na mkono kwenye kipanya. Ningeweza kumwambia hakuna kitu. Ningeweza kumwambia kila kitu, na kumnyang'anya Ijumaa zake zote za mwisho kwa pigo moja. Aliuliza kama bado nipo.

“Nipo,” nikasema, na nikaifungua ya mwisho.

Mchele. Tambi. Ubani. Yule mwana alikuwa akipumua kwa shida upande wa pili wa simu. “Nimekuwakilisha uninunulie,” sauti ikasema, na yangu ikajibu kwamba nimepokea. Kisha, nyuma yake, mbali kidogo na simu, vipande viwili, vikavu.

“Subiri,” akasema. “Hapo. Hapo anakohoa. Alikohoa hivyo tangu mimi mdogo, nikisikia najua anakuja, nakimbia.” Sauti yake ikavunjika. “Ndiye. Huyo ndiye mama.”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Hapo ndiye.”

Akaniomba nirudishe pale tu, penye kikohozi. Nikarudisha. Akaniomba tena.