Walinipeleka Riyadh Kuzungumzia Njaa

Mimi ni Josphat, mlinzi wa geti la nyumba moja kubwa Al-Hamra, Jeddah. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe. Kazi yangu ni kufungua geti na kulifunga, na hata hilo madam anasema nalifanya polepole.

Marehemu mke wangu Keziah alikuwa mpishi wa nyumba hiyo hiyo. Hapa chakula cha mlinzi hakimo kwenye mkataba. Unakula kama jikoni kuna mtu anayekukumbuka. Mimi nilikuwa na mtu. Kila jioni alinifuata getini na sahani.

"Baba Robinson, umekula?"

"Nimeshiba."

"Haya, shika."

Kwetu mwanamume mzima hasemi ana njaa. Ukiulizwa, umeshiba, hata kama tumbo linalia mbele za watu. Keziah aliuliza kwa adabu tu. Jibu langu hakulingoja.

Mwaka jana presha ikamchukua. Nikamrudisha kwetu Vihiga, Kenya, nikamzika, nikarudi kazini. Pale nyumbani kila kikombe kilikuwa chake. Sikuweza kukaa.

Mpishi aliyekuja ni mama mwema. Jioni ya kwanza akaniuliza, "Mzee, umekula?" Nikamjibu nimeshiba. Akaniamini. Mpaka leo ananiamini. Suruali nafunga na kamba.

Siku moja akaja getini Selipher, binti wa kwetu anayejitolea kwenye jumuiya fulani. Akasema jumuiya yao inataka kumaliza njaa. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaleta bakuli.

"Mzee, sisi hatugawi chakula," akasema. "Tunataka sheria. Nchi nzima, mlinzi na dereva wapewe chakula na mwajiri, iandikwe kwenye mkataba."

Nikaanza kulipangusa lile bakuli kwa shati, kana kwamba nililitoa kwa kazi hiyo.

"Wakubwa Riyadh wanataka kumsikia mlinzi mwenyewe," akasema. "Wewe sema ukweli tu. Ni maneno mawili."

Maneno mawili nikaona nayaweza. Bosi akaniruhusu, tukapanda basi.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Sulimaniyah, baridi kama mochari. Afisa mwenye miwani alikuwa na karatasi za hiyo sheria mbele yake. Akaniuliza kwa upole, Selipher akatafsiri: "Mzee, kazini unapata chakula?"

Nikakaa wima. Nikanyoosha kola.

"Nimeshiba, bosi. Asante sana."

Selipher akanigeukia. "Mzee, usinifanyie hivyo."

Lakini afisa alikuwa ameona nilivyotabasamu, hakuhitaji mkalimani. Akamshukuru Mungu, akashika kalamu. Akasema kama walinzi wameshiba, basi walinzi watolewe humo, wabaki madereva. Halas, yameisha.

Kwa mdomo wangu mmoja nilikuwa nimewalisha walinzi wote wa Saudia.

"Bosi, ngoja," nikasema. "Nimedanganya."

Kalamu ikasimama.

"Sijashiba. Nina njaa tangu mke wangu afe. Yeye aliniuliza kila jioni, nikamjibu hivi hivi, akanipa. Wa sasa wanauliza vizuri, halafu wananiamini."

Selipher alitafsiri taratibu.

Afisa akasoma mstari kwenye karatasi. Ulisema mlinzi apewe chakula akiomba.

"Hataomba," nikasema. "Toa hilo neno. Andika apewe."

"Na kama ameshiba kweli?"

"Bosi, mimi ni mlinzi miaka mingi. Huyo sijamwona."

Akacheka, na mwenzake akacheka. Kisha akavua miwani, akaniuliza mke wangu aliitwa nani. Nikamwambia. Akalikata lile neno, akatuacha walinzi ndani.

Sheria yenyewe bado. Selipher anasema kuna ofisi nyingine zitakazoisoma, na huko nako wanaweza kutukata. Nje akanishika mkono kama baba yake.

"Mzee, umewaambia wakubwa wa Riyadh una njaa. Sasa ukifika Jeddah mwambie yule mama wa jikoni. Atakupa leo leo."

Nilifikiri kutoka pale mlangoni mpaka kituo cha basi.

"Binti yangu," nikamwambia, "hilo tuiachie serikali."