Simu ya Mezani Isiyoita

Jumatatu, kwenye kaunta ya ofisi moja ya ardhi Temeke, mama mmoja wa Mtoni alimwambia karani, "Mwanangu, nimewapigia wiki nzima. Pingamizi la kiwanja changu mwisho leo."

"Haijaita hii, mama," karani alijibu, akiigonga simu ya mezani kwa kalamu.

Mimi, niliyekuwa nyuma ya mama kwenye foleni, nikapiga namba iliyobandikwa ukutani. Ya mezani ikakaa kimya. Mfukoni mwa karani ikatetemeka nyingine. Akaikata.

"Bosi kazielekeza simu zote za ofisi kwenye yangu kwa kompyuta, yuko kwake Kigamboni," alininong'oneza. "Na mie nikiwa na mteja sipokei."

"Basi pokea barua ya pingamizi, mwanangu, mie nishafika," mama alisema.

Karani akaigonga muhuri wa tarehe. Niliisoma tarehe mara mbili kabla mama hajaondoka. Anayeinyamazisha simu ya Temeke akiwa sebuleni Kigamboni, kuibadilisha tarehe kutamshinda?