Donge la Unga Juu ya Pistoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoona haya kuomba donge la unga. Tangu siku hiyo nimefunga injini nyingi, na kila nikifunga moja asubuhi ile hunirudia, mpaka nachoka nayo. Nakuandikia kwa sababu umenitumia picha za krenki mbili kwenye simu, ukaniuliza ipi uitie kwenye skuta yako ya zamani. Nimeziangalia. Mimi shule niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni pole pole, basi nivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kwa Fundi Athmani, katika karakana yake nyembamba huko Mji wa Kale. Mikono yangu ilikuwa mizuri, lakini mtu akinitazama usoni maneno yote yalinikauka.

Mteja wetu mmoja alikuwa Bwana Yusufali, mwenye duka la vitambaa Biashara Street. Skuta yake aliinunua mwaka aliooa, na marehemu mkewe alikuwa akikaa nyuma amepakata kikapu. Sisi tulikuwa tumeiongezea nguvu, silinda kubwa na kabureta pana, ikawa inapanda Daraja la Nyali bila kuhema. Lakini krenki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, ilikuwa ile ile ya zamani. Haikustahimili, ikajipinda.

Zikapatikana mbili za kuchagua. Moja ilikuwa na mwendo ule ule wa zamani wa kuipandisha pistoni, ila chuma chake kimeimarishwa. Ya pili ilikuwa ya mwendo mrefu. Iliipandisha pistoni juu zaidi, kiasi cha unene wa kadi mbili za benki. Ni kidogo sana, ukisikia. Ndani ya injini si kidogo.

"Chagua wewe," Fundi Athmani akaniambia. "Umeifungua wewe, utaifunga wewe."

Nikachukua ya mwendo mrefu. Ilikuwa inang'aa, na Bwana Yusufali mwenyewe alishasema anataka mbio.

"Sawa. Lakini hiyo usiifunge kabla ya kutia unga."

"Hewala, Fundi."

Hiyo ilikuwa desturi yake. Aliweka donge dogo la unga wa mahamri juu ya pistoni, akafunga kichwa cha silinda, akaizungusha injini kwa mkono, kisha akafungua tena na kuutazama unga uliobanwa. Ukiwa mnene, pistoni ina nafasi. Ukiwa mwembamba kama karatasi, basi siku injini ikipata moto pistoni itagonga kichwa, na huna budi kuinyanyua silinda kwa kuitilia bamba chini au kubadilisha krenki.

Unga ulitoka kwa Mama Zuena, aliyekuwa akikaanga mahamri kichochoro cha pili, na kila asubuhi wenzake walijaa barazani pake. Nikaenda. Hata sijafika, wakaniona.

"Haya, mwari katoka ndani leo!" akasema mmoja.

"Mwacheni, mtamkimbiza," akasema Mama Zuena, naye mwenyewe anacheka. "Njoo, baba, hatukuli. Wataka nini?"

Nilichotaka ni donge moja tu la unga, mwanangu. Nikasema nilikuwa napita. Nikapita kweli, nikazunguka mtaa mzima ili nisirudi mbele yao, nikaingia karakana kwa mlango wa nyuma. Nikaizungusha injini kwa mkono. Pistoni haikugusa kitu. Nikafunga.

Adhuhuri Fundi Athmani akarudi, mgongo wamuuma. "Unga umeuonaje?"

"Hewala, Fundi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuswali.

Siku tatu skuta ilikwenda vizuri. Ya nne, Bwana Yusufali akiwa anapanda daraja na injini imepata moto, pistoni iligonga. Mkono wa krenki ukakatika, ukatoboa gamba la injini, gurudumu la nyuma likakwama. Alianguka mbele ya magari. Mungu alimnusuru, akavunjika kifundo cha mkono tu. Gamba lile lilipasuka vipande viwili, na la aina ile halikupatikana tena.

Fundi Athmani alivishika vipande vile muda mrefu. Hakupaza sauti.

"Nilikuuliza unga umeuonaje, ukanijibu hewala. Hewala ni jibu la anayetumwa. Mimi sikukutuma, nilikuuliza." Kisha akasema, "Ungeniambia hukutia, ningekwenda kuuomba mwenyewe."

Nilikwenda kwa Bwana Yusufali nikamweleza yote, hata habari ya baraza. Alinisikiliza mkono umefungwa kifuani. "Mkono utapona, fundi," akasema. La skuta hakulitaja. Aliifunika kwa kitambaa cha dukani kwake, akaiweka ukumbini, na tangu hapo akawa anakwenda dukani kwa miguu. Aliniita fundi mpaka alipofariki, na jina hilo sikulizoea.

Sasa jibu lako. Chukua krenki ya mwendo ule ule, iliyoimarishwa. Hiyo skuta unampakia mkeo, na mbio ulizonazo zinakutosha. Hata hiyo, tia unga kwanza. Na fundi wako akikuuliza habari ya jambo ambalo hukulifanya, mwambie hukulifanya. Hapo utatahayari kwa dakika moja. Mimi niliikwepa dakika hiyo, na nimechoka kuibeba.

Mola akulinde barabarani, wewe na unayempakia. Akujaalie mikono mitulivu, na akupe uso wa kusimama mbele ya baraza iliyojaa watu wanaocheka, ukasema unachotaka. Kesho asubuhi kabla ya kufungua injini, nenda kwa wakaanga mahamri wa mtaani kwako. Wape salamu. Omba donge moja.