Kelele Tuliyoitoa Kwenye Redio ya Bandari

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana ya redio ya Bandari ya Bujumbura hakunipa bisibisi. Alinivika visikizio, akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Apana kitu, chef."

"Vizuri sana. Iyo kimya njo kazi yetu."

Nilidhani ananitania. Nilitoka shule ya ufundi na majivuno tele, kumbe sijui kitu. Ndani ya kila redio, vijana wangu, kuna osileta: saketi inayotetemesha umeme kwa kasi maalumu ili redio ishike chaneli moja na kuziacha nyingine. Mtetemo ukiyumba, huzaa kelele, na kelele hiyo humeza sauti dhaifu ya aliye mbali.

Zamani kila chaneli ilikuwa na fuwele yake, kijiwe kisichobadili kasi. Vita vikaja, kisha vikwazo vya majirani, fuwele zikaacha kuingia. Chef, ndivyo tulivyomwita mkuu wetu, akaamua tubuni osileta yetu ya tarakimu. Chipu hupokea namba, kisha huunga au kuachia kapasita ndogondogo, vijidude vya kuhifadhi umeme, na kasi ya mtetemo inabadilika. Tulijivunia mno, ingawa ilivuma kama mvua juu ya bati. Desturi yetu pale karakana ilikuwa moja: sauti ikififia, ongeza nguvu.

Asubuhi moja bunduki zikalia karibu na bandari, lango likafungwa. Meli ya mizigo kutoka Kigoma ilikuwa njiani, na ndani yake alikuwamo mke wangu Zaina, na binti yetu Amina mgongoni. Nahodha hakuwa na habari. Tuliita, tukaita, tukimwambia ageuke. Kilichorudi kilikuwa mvumo mtupu, hatukujua kama ametusikia. Nikashika kitufe cha sauti, nikakizungusha hadi mwisho.

"We Saidi, acha!" Chef alinishika mkono. "Ukiongeza sauti, na kelele inaongezeka. Izi chipu zinahesabu, ile osileta inaimba. Tunawalisha umeme wa sahani moja, njo maana mwimbaji anayumba."

Akatoka mwenyewe, akarudi amebeba betri ya gari lake. Chipu tukaziacha kwenye umeme wa jenereta. Osileta tukaipa betri peke yake, tukaifunika kwa kopo la maziwa ya unga lililounganishwa na waya wa ardhi. Nililehemu huku nikiomba dua.

Mvumo ukashuka.

"Bujumbura, nimesikia," nahodha alikuwa akisema. "Tunageuka Kigoma."

Halafu sauti nyingine: "Baba Amina, we uko muzima?"

Nililia mbele ya mkuu wangu, wala sikuona haya. Yeye aliketi juu ya kreti akipangusa jasho. "Mungu mukubwa," akasema, "lakini gari yangu sasa ataisukuma nani?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tangu hapo, kila osileta tuliyobuni ilipewa umeme wake na kopo lake. Wakuu wawili waliofuata waliikuta desturi hiyo, wakaiacha ilivyo.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Kibenga, hapa hapa Bujumbura. Vijana wanaosomea chipu hunijia na michoro, nami huwaambia wasikimbilie nguvu, watazame kwanza nani anakula na nani. Mchana huu Zaina amejilaza chumba cha pili, anakoroma hadi vioo vya dirisha vinalia. Mafundi wenzangu hunitania kwamba nimeshindwa kuiondoa kelele ya nyumbani kwangu. Hiyo siigusi.