Sungura wa Pili

Kazi yangu maabarani ni kuosha vyombo, na mwosha vyombo huona mengi kuliko wenye makoti meupe wanavyodhani. Ndiyo maana nakereka ninaposikia watu wakisema Mama Barafu alimharibia binti wa watu masomo. Wasemaji wenyewe hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Mama Barafu alikuwa fundi wetu wa maabara kwa miaka ishirini na sita. Jina tulimpa kwa jinsi alivyoilinda friza, maana humo ndimo vilimokaa vichupa vyake vya kingamwili, kila kimoja kidogo kuliko kidole gumba. Ukiacha mlango wazi alikupa vidonge vyako papo hapo: "Kwenu hakuna milango?"

Siku moja nikiwa sinkini alinieleza kazi yenyewe. Virusi vikiivamia seli, seli ile hupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo interferoni. Seli jirani zikisikia, hutengeneza protini za kumzuia mvamizi hata kabla mwili haujamjua ni nani. Protini hizo hazionekani kwa macho, kwa hiyo unatumia kingamwili inayonasa protini moja tu. Ikiinasa, unapata mstari mweusi kwenye picha ya kipimo. "Ikinasa na nyingine," alisema, "unajidanganya mchana kweupe."

Daktari Mtarajiwa, ndivyo tulivyomtania binti mwanafunzi aliyekuwa chini yake, alikuwa na mistari ya miaka miwili. Yote ilionyesha kwamba protini moja ndiyo inayozuia virusi alivyovichunguza. Zilibaki wiki tatu atetee tasnifu yake, na mama yake mzazi alishashona nguo ya mahafali.

Mama Barafu naye alibakiza mwezi mmoja kustaafu. Akawa anasafisha droo yake, akakuta kopo la biskuti alimoweka vichupa vitupu. Akavaa miwani asome lebo. Nikamwona anakaa kitini taratibu.

"Namba ya katalogi ni moja," akaniambia, "lakini matoleo ni mawili. Kichupa cha kwanza nilikipima. Cha pili niliona namba ileile, nikakipitisha, yule mtoto akakitumia."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Kingamwili hii inatoka kwenye damu ya sungura, baba. Toleo jipya ni sungura mwingine. Nani kakwambia sungura wawili wananasa kitu kimoja?"

Akachukua seli zilizoondolewa protini ile kabisa, akazipa interferoni, akazipima kwa tone la toleo la pili lililobaki ndani ya friza. Mstari haukutakiwa kuwepo. Siku ya pili ukatokea, mweusi tii. Sungura wa pili alikuwa akinasa pia protini nyingine inayofanana na ile, yenye uzito karibu uleule.

Tuliojua tulikuwa wawili tu. Nilimwambia alitupe lile kopo, amalize mwezi wake, aende zake. Naona haya kulisema, lakini nilimwambia.

"Yule mtoto ni mimi niliyemfundisha kuuamini mstari," akajibu.

Akamwita binti, akamwonyesha picha ya kipimo, akasema kosa ni lake. Binti aliangalia ile picha. "Ungenyamaza tu, mama," akasema, akatoka.

Utetezi ukaahirishwa miezi minane. Binti akawa anapita pale kama hatuoni. Siku ya kumuaga Mama Barafu hakuja. Tulikula keki watu wanne, sahani nikaosha mimi, na roho iliniuma kweli.

Wiki sita baadaye nikafungua mlango wa maabara, nikamkuta Mama Barafu amekaa pembeni, mkoba mapajani, kama mgeni aliyekuja kuulizia mtu. Binti alikuwa amesimama mbele yake na kichupa kipya mkononi, hakijafunguliwa. Nikajifanya natafuta brashi.

"Nimekupigia simu kwa sababu kimefika leo," binti alisema. "Namba ya katalogi ni ileile." "Ila huyu sungura simjui, mama. Nisaidie tumpime kwanza."

Mama Barafu alinigeukia mimi, akauliza kama koti lake jeupe bado lipo. Lilikuwepo. Nilikuwa nimelifua na kulipiga pasi, na sikumruhusu mtu yeyote kulichukua.