Opiyo, Waliocheka Tunda Lako Sasa Wanakuja Kukulilia

Akili yangu imekataa kabisa. Tangu Jumamosi nashika simu nimpigie Opiyo nimwambie, "Omera, ndugu yangu, umesikia watu wanasema umekufa?"

Kwa wale hamkumjua: Opiyo alikuwa director, kijana wa hapa Kisumu, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mimi ndiye nilikuwa soundman wake kwa kila filamu. Moyo wake ulikuwa na shida tangu utotoni. Jumamosi asubuhi ulisimama akipiga shati pasi.

Nimekasirika. Nasema mapema, anayetafuta maneno matamu apite tu.

Opiyo alizaliwa pacha. Mwenzake, Odongo, alizama ziwani upande wa Luanda Kotieno tukiwa form two, na mwili haukuonekana tena. Kwetu Waluo, mwili ukikosekana, mtu hakosi kaburi. Wazee walikata yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini. Wakalivisha shuka, wakalipa jina la Odongo, wakalizika kwa maombi. Opiyo mwenyewe alisaidia kulibeba.

Hiyo ndiyo filamu yake. Yago linaamka kaburini. Limepewa jina la mtu, sasa linataka kumjua mwenye jina. Linatembea mpaka ziwani, linashuka kule chini wanakoishi waliozama, linauliza nyumba kwa nyumba.

Tulishoot pale pale Luanda Kotieno. Feri ya Mbita ilikuwa inapiga honi kila nikianza kurekodi. Nikatukana mpaka nikachoka. Opiyo akacheka. "Wacha iingie, yawa. Unafikiri wao huko chini hawaisikii?"

Nguo za waliozama alizishona kwa ngozi ya samaki mbuta na magugu ya ziwani. Mama yake alimfukuza jikoni na hiyo harufu yake: "Opiyo! Hapa watu wanakula!"

Tuliionyesha kwanza ufuoni, kwa shuka jeupe. Yago likauliza, "Mwenye jina langu yuko wapi?" Mama mmoja muuza dagaa wa omena akalijibu kwa sauti, "Wan bende wamanye!" Na sisi pia tunamtafuta. Watu wakaanza kulia, wengine wakitaja majina ya watu wao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini tunda linaongea.

Halafu tukaenda Nairobi kwa zile tuzo kubwa.

Mwenyekiti wa majaji akamuuliza mbele ya ukumbi mzima, "Director, hebu tuambie, kwa nini tunda linaongea?" Opiyo akajibu polepole, "Kwa sababu kwenye lile kaburi hakuna mwingine wa kuongea."

Wakacheka! Walidhani ni joke. Mwenyekiti alicheka mpaka akapangusa macho. Na si mgeni huyo, jameni. Ni mtu wa Milimani, hapa hapa Kisumu, na kwao ni kando ya ziwa kama kwetu. Yago analijua vizuri sana. Alicheka ili wageni waliokaa naye wasidhani analijua.

Usiku wa tuzo tukapewa tuzo ya mavazi. Tukapewa make-up. Mimi nikapewa sauti. Best Film ikaenda kwa filamu ya mama anayelia kwenye korido ya hospitali. Ilikuwa nzuri, sina ubaya nayo. Lakini nielezeni: unasifu ugali, unasifu samaki, unasifu mboga, halafu unasema chakula hakikuwa chakula?

Na si mara ya kwanza. Ukileta mizimu, ukileta mazimwi, ukileta ziwa linaloongea, wanasifu mikono yako. Kichwa chako hawakitaki. Ati "imagination nzuri, lakini haina uzito wa maisha halisi."

Maisha halisi ya nani? Mimi nilisimama kwenye lile kaburi! Nilisikia udongo ukiangukia tunda, na mama yake akiliita "mwanangu". Hilo ndilo lilikuwa halisi kuliko kitu chochote nimewahi kuona, na hakuna njia nyingine ya kulisema ila vile Opiyo alivyolisema.

Tukitoka, aliniambia kitu kimoja tu. "Ningeweka mama akilia kando ya mwili, wangenipa. Lakini mwili upi, omera?"

Baada ya hapo kila mlango aliobisha na script mpya walimwambia alete kitu "serious". Sisemi majaji walimuua. Nasema walimnyamazisha mtu aliyekuwa hai, na hawakujali.

Sasa juzi naona nini? Mwenyekiti yule yule ameposti picha ya Opiyo. "Tumepoteza gwiji." Ati atakuja kwenye mazishi na tuzo maalum ya heshima, aiweke juu ya jeneza, na camera ziwepo.

Nilikimbia na hasira zangu mpaka kwa Mama Opiyo. Nikamwambia, "Mama, huyu mtu nitamzuia getini mimi mwenyewe. Hapiti."

Mama alikuwa anachambua mchele wa waombolezaji. Hakuinua kichwa.

"Mwacheni aje," akasema. "Matanga hayafungiwi mtu. Lakini kabla hajafika kwa Opiyo, mpitisheni kwa Odongo. Asimame pale juu ya yago na hicho kitu chake mkononi, amwambie mwanangu kilichomchekesha."

Basi Mheshimiwa Mwenyekiti, najua unasoma hii. Karibu sana. Kaburi la Odongo liko kushoto kwa nyumba ya mama, na la Opiyo linachimbwa kando yake. Mimi nitakuwa pale na maiki yangu imewashwa, ile uliyoipa tuzo. Utaongea, na tutakusikia vizuri.

Opiyo, ndugu yangu, ukifika kule chini na ukampata, mwambie jina lake tumelitunza. Oriti, kwaheri, omera. Lala sasa, mko wawili tena.